Sikukuu za Jamaa na Zamu ya Kijana

Pana usemi uliozagaa siku hizi, nao ni huu: mikutano ya jamaa wakati wa sikukuu ni mambo ya watoto. Wasemao hivyo hudai kuwa mtu akishakua, raha ya mikutano hiyo humtoka kama meno ya utoto yanavyomtoka, na kwamba hapana wa kulaumiwa kwa kuwa hayo ni maumbile. Usemi huu una sura ya kweli, na kwa sababu hiyo umewapoteza wengi. Ni kweli kwamba mkutano wa jamaa hubadilika watoto wanapokua. Si kweli kwamba hauna budi kufa. Mkutano hufa kwa sababu watoto waliokua hukataa kushika zamu. Nakuandikia wewe msomaji, uliye katika shule ya sekondari, kwa kuwa umesimama mahali hasa ambapo kamba hii hukatika.

Mikutano ninayoitaja waijua. Desemba inapofika katikati, shule zimekwisha fungwa, na watu wa mijini hufunga mizigo. Mabasi ya kwenda Kisumu, Kakamega, Kisii na Meru hujaa, na nauli hupanda bila huruma. Nyumba ya babu na bibi, ambayo kwa miezi kumi na mmoja ilikuwa na sauti mbili tu, hupata sauti thelathini. Kwa Waislamu wa Pwani, mkutano wa namna hiyo hufuata mwezi mwandamo. Mombasa, Malindi na Lamu, mfungo wa Ramadhani ukiisha, watu husali sala ya Idi, wakaamkiana, wakala pamoja, kisha wakawazuru wazee wao nyumba hadi nyumba. Dini ni mbili na vyakula ni mbalimbali, lakini shabaha ni moja: watu wa damu moja waonane kwa macho.

Sasa fuatana nami tumtazame mtu mmoja katika mikutano hiyo, tangu utoto wake hata utu uzima.

Katika umri wa miaka sita, yeye ni mfalme wa siku. Kama ni wa bara, amenunuliwa viatu vipya. Hukimbizana na binamu zake mpaka jua linakuchwa, na mama yake mkubwa anaposukuma chapati humega donge dogo la unga akampa naye asukume yake. Kama ni wa Pwani, huamka akavaa kanzu iliyonyooshwa tangu jana, akapita kwa wajomba na mashangazi akipokea mkono wa Idi, na kila saa akazihesabu sarafu zake upya. Kazi yake ni kufurahi, na kazi hiyo aiweza sana.

Katika umri wa miaka kumi na mitano, mtu yuleyule ameketi pembeni. Michezo ya wadogo imemtoka, na mazungumzo ya wazee hayajamwingia. Binamu aliyekuwa rafiki yake mkubwa sasa asoma katika shule ya bweni ya mbali. Wakikutana, husalimiana kama wageni wawili katika kituo cha basi. Hapana amwombaye neno, wala hapana ampaye kazi yenye heshima. Basi hutoa simu, akainama juu yake, na moyoni hujiambia kuwa Krismasi ya mwaka huu haina ladha kama za zamani.

Katika umri wa miaka thelathini ana mshahara, ana ndoa, na ana wakwe ambao nao wana haki ya kumngoja. Mwaka wa kwanza hufika jioni ya tarehe 24 na kuondoka asubuhi ya tarehe 26. Mwaka wa pili hupiga simu akaomba radhi. Mwaka wa tatu hutuma fedha. Mwaka wa nne wazee hupika chakula kidogo zaidi, wala hawasemi kitu.

Watazamaji huona mwendo huu wakasema kuwa raha imekwisha. Mimi nakataa. Hebu jiulize: ile raha ya miaka sita ilitoka wapi? Haikuanguka kutoka mbinguni. Pana mama aliyeamka saa kumi alfajiri akakoka moto. Pana baba mdogo aliyejinyima tangu Agosti ili anunue mbuzi. Pana dada aliyeteka maji mara tano kabla wewe hujafumbua macho. Pana babu aliyekwenda kwa jirani kuazima viti. Mtoto hakuwaona, kwa sababu mtoto hana wajibu wa kuona. Aliona chapati tu, hakuona mikono. Lakini mtu wa miaka kumi na mitano ana macho ya kuona mikono, na akisema kwamba sikukuu imepoa, husema bila ya kujua kwamba mikono iliyokuwa ikimtumikia imechoka, na yake hajaitia kazini. Yeye ni kama mtu aliyeota moto wa wenzake usiku kucha, kisha alfajiri akauliza kwa nini umezimika, na ilhali kuni zi karibu na mguu wake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu, itakuwaje mtoto wa nyumba ahesabiwe mgeni kwa miaka thelathini?

Najua kwamba wapo watakaonipinga, na hoja zao nimezisikia. Nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kuwa desturi hii ni ya kale, na mambo ya kale yamepitwa na wakati. Wasemao hivi hawaijui historia ya nchi yao. Mababu wa mababu zetu hawakuwa na haja ya kusafiri usiku kucha ili wawaone ndugu zao. Walikuwa wakikaa nao bega kwa bega mwaka mzima. Safari ya Desemba ni mtoto wa mambo mapya. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali palipokuja kuitwa mji wa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Nyuma ya reli zilikuja kodi, na kodi zilitaka fedha, na fedha zilitaka kazi za mshahara. Wanaume wengi waliacha wake na watoto mashambani wakaenda kulala katika vyumba vya mijini vilivyokusudiwa mtu mmoja mmoja, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia. Jamaa walitawanyika, na likizo ya mwisho wa mwaka ikawa uzi wa kuwashona tena. Basi mkutano huu ni dawa iliyozuka pamoja na ugonjwa wa kutengana. Je, ugonjwa umepona? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu milioni 4 katika Nairobi peke yake, na wengi wao wana mahali pengine wanapopaita nyumbani. Maadamu ugonjwa umezidi, mtu mwenye akili haitupi dawa.

Tena pana jambo la hesabu ambalo wapinzani wangu hawalifikiri. Uchunguzi wa uzazi wa miaka ya 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani zaidi kidogo ya watoto 8. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4. Silaumu upungufu huo. Una manufaa yake, na wewe unayelipiwa karo wayafaidi. Lakini pima maana yake. Katika nyumba ya watoto wanane, mmoja asipofika sikukuuni hubaki saba, na kelele za saba hufunika ukimya wa mmoja. Katika nyumba ya watoto watatu, mmoja asipofika, theluthi ya nyumba haipo. Na wakikosa wawili, wazee hula na mtoto mmoja. Zamani mtu aliweza kujificha nyuma ya ndugu zake. Leo hapana mahali pa kujificha. Kadiri jamaa inavyopungua, ndivyo kila kiti kinavyozidi kuwa na thamani.

Hoja ya pili ni ya simu. Husemwa kwamba tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2007, mtu aweza kuwatunza wazazi wake bila ya kutoka mahali alipo. Na tangu simu zilipoanza kuonyesha sura, aweza hata kuwaona. Sikatai kwamba fedha hizo zimelipa madaktari, zimeezeka nyumba, na pengine zimekulipia hicho kitabu unachokisoma. Anayetuma atume, na abarikiwe. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha zaweza kununua unga. Haziwezi kukaa kando ya bibi zikamsikiliza. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa kuanzia Aprili hadi Julai. Idi ya kufungua Ramadhani iliangukia mwezi wa Mei, ndani ya marufuku hiyo. Simu zilikuwapo, fedha zilitumwa, sura zilionekana katika vioo. Muulize mzee yeyote wa Mombasa kama Idi ile ilitimia, kisha sikiliza jibu lake. Wakati ule tulizuiwa na maradhi. Leo hapana azuiaye njia, na bado wapo watu wanaojiwekea marufuku wenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nami siipuuzi. Wapo wasemao kwamba mikutano hii si ya raha, ila ya mateso. Mjomba huuliza alama za mtihani mbele ya watu thelathini, akamlinganisha kijana na binamu yake. Aliyenunua gari huliegesha mahali ambapo kila jicho litaliona. Aliyekosa kazi huulizwa anafanya nini, na swali hilo humchoma kuliko mshale. Ugomvi wa mpaka wa shamba, uliolala tangu Januari, huamshwa na pombe ya mchana. Wengi waliokua hawakimbii jamaa zao, hukimbia aibu. Wamefundishwa kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwa kuwa mkono wao mwaka huo hauna kitu, huona heri kubaki mjini, wakala mkate mkavu peke yao, kuliko kufika na mfuko mwepesi.

Hayo yote ni kweli, na ni aibu kwa walioyazua. Lakini nyumba ikivuja huezekwa upya, haibomolewi. Na ni nani atakayeiezeka, ikiwa kila aliyeona tundu la paa amekimbia? Kama swali la mjomba lilikuumiza ulipokuwa na miaka kumi na mitano, umepata elimu ambayo mjomba hanayo: wajua jinsi linavyouma. Utakapokuwa mjomba au shangazi, usiliulize. Kwa njia hiyo mkutano hutengenezwa, kizazi baada ya kizazi, na watu waliobaki ndani yake. Na kuhusu mkono mtupu, nasema hivi: mkono upasuao kuni si mtupu, mkono ubebao maji si mtupu, mkono umlishao babu asiyeona si mtupu. Wazee wanaotaka watoto wao warudi na wayatamke maneno haya wazi, tena mapema, kabla mabasi hayajajaa.

Hapa sina budi kusema neno la haki kwa wasichana. Niliposema kwamba kijana hukataa zamu, msichana msomaji huenda aliguna, naye alikuwa na sababu. Katika nyumba nyingi msichana wa miaka tisa amekwisha shikishwa zamu: hukanda unga, huosha vyombo, hubeba mtoto wa shangazi, huku kaka yake wa miaka kumi na sita ameketi kivulini akingoja kuitwa kula. Huko si kushika zamu. Huko ni kumtwika mmoja mzigo wa wawili. Mwanamke aliyekua hivyo asemapo kwamba hataki tena kwenda kwenye sikukuu, mara nyingi hajawachukia jamaa zake. Amechoka na jiko. Basi wewe mvulana usiutafute uanaume wako katika kuchinja mbuzi tu, kazi ya nusu saa yenye watazamaji wengi. Utafute pia katika sufuria za jioni, kazi ya saa tatu isiyo na mtazamaji. Nyumba ambamo kazi imegawanywa kwa haki hurudiwa na watoto wake wote, wa kike na wa kiume.

Wazee nao wana lawama yao. Wapo wanaotaka kijana awe mtu mzima katika adabu, na awe mtoto katika shauri. Humwambia kaa kimya, kisha humlaumu kwamba hana la kusema. Humfukuza penye mazungumzo ya ukoo, kisha hushangaa kwamba hawajui watu wa ukoo. Kijana asiyepewa kazi yenye maana sikukuuni hujitafutia kazi nyingine, na simu ina kazi tele. Mpeni kijana hesabu ya matumizi aitunze. Mpeni orodha ya wageni. Mpeni watoto wadogo awasimamie. Mketisheni pale mnapojadili ada ya yatima wa ukoo, asikie jinsi watu wazima wanavyobeba mizigo. Atakayeonja uzito wa jambo hilo mara moja hataliacha lianguke upesi.

Pengine utaniuliza ni hasara gani hasa itakayotupata mikutano hii ikifa. Nitakujibu. Jamaa wasiokutana sikukuuni hukutana matangani. Utazame ukweli huu hata kama unauma: twachanga upesi kwa ajili ya jeneza, na twachelewa kuchanga kwa ajili ya chakula cha pamoja. Binamu wanaoonana mara ya kwanza kando ya kaburi la babu huonana mara ya pili mahakamani, wakigombea shamba lake; maana ni rahisi kumshtaki mtu ambaye hukuwahi kula naye sahani moja. Katika makabila yetu mengi watu wa ukoo mmoja hawaoani. Lakini vijana wasiowajua ndugu zao watajizuiaje na lile wasilolijua? Wazee nao huondoka na habari zao. Bibi ajuaye ni nani aliyehama kutoka wapi, na kwa nini, na katika njaa ya mwaka gani, hawezi kuieleza habari hiyo katika mazungumzo ya simu ya dakika tatu. Huieleza usiku, moto ukififia, watu wakiwa wameshiba na hawana haraka. Usiku wa namna hiyo usipokuwapo, habari hiyo huzikwa naye.

Sisemi kwamba mkutano ubaki vilevile kama ulivyokuwa ulipokuwa na miaka sita. Huo ungekuwa ujinga wa namna nyingine. Watu wakioa na kuolewa, nyumba za kuendea huwa mbili. Basi na wapeane zamu, mwaka huu kwa hawa, mwaka ujao kwa wale, bila ya kinyongo. Nauli ya Desemba ikiwa haichukuliki, jamaa na wachague Aprili au Agosti, shule zikifungwa. Upendo haukufungwa na kalenda. Mbuzi akiwa ghali, maharage na chapati zatosha. Na babu na bibi watakapofariki, kwa kuwa siku hiyo ipo kwa kila nyumba, mtu mmoja lazima aseme: njooni kwangu. Jamaa nyingi hutawanyika siku hiyo kwa sababu kila mmoja alingoja mwenziwe aseme. Sura ya mkutano na ibadilike. Lakini pasikosekane mwenye kuita, wala wenye kuitika.

Basi, msomaji, usingoje miaka thelathini, maana desturi ya kukaa pembeni ikizoewa kwa miaka kumi na mitano haiachwi kwa siku moja. Anza likizo hii. Kabla ya safari, waulize wazazi wako: kazi yangu itakuwa ipi? Wakikosa la kujibu, jichagulie. Fika mapema uwezavyo. Jifunze majina ya ukoo wako hadi kizazi cha nne, uyaandike katika daftari, na kila jina uandike mahali pake na watoto wake. Wakati wa kula, simu na ikae chumbani. Mwendee yule binamu ambaye hamna tena la kusemezana. Mwombe mkachanje kuni pamoja, kwa kuwa kazi hufungua vinywa ambavyo maswali yamevifunga. Na pembeni mwa jiko utamwona mtoto wa miaka sita akinyosha mkono kwa aliye karibu naye, akitaka donge la unga. Mwaka huu aliye karibu naye ni wewe. Mmegee.